Kupika Ubuyu Mwekundu wa Utotoni

Aliyekulia Mombasa au Unguja katika miaka ya 1990 anaujua ubuyu, kwani ulimi mwekundu ulimsaliti kila aliporudi nyumbani akidai hakupita dukani.

Chukua vikombe 4 vya ubuyu, yaani kokwa za tunda la mbuyu zikiwa bado na unga wake mweupe, kisha uondoe nyuzi na vipande vya kifuu. Usizioshe kamwe, kwa kuwa uchachu wote umo katika unga huo.

Katika sufuria pana, chemsha vikombe 2 vya sukari na kikombe 1 cha maji pamoja na rangi nyekundu ya chakula, chumvi kidogo na iliki iliyosagwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: shira ikiwa nyepesi ubuyu hunata vidoleni, na ikizidi huganda kama jiwe. Toa tone kwa mwiko, liache lipoe kidogo, ulibane kati ya vidole viwili. Ukiona uzi mwembamba unavutika, shira iko tayari.

Punguza moto, mimina ubuyu, ugeuze haraka hadi kila kokwa ivae rangi. Pilipili ya unga huingia mwishoni, maana ikikaa motoni hukohoza nyumba nzima. Endelea kugeuza mpaka shira ikauke, kisha tandaza kwenye sinia.

Zamani tuliuziwa katika vifuko vya nailoni. Kwa sasa chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana huuhifadhi vizuri zaidi.