Kabla ya Kubadilishana Kete Mbele ya Kitunda Pweke

Kitunda pweke ni kile ambacho safu zilizo kushoto na kulia kwake hazina kitunda kingine cha rangi yake, na mara nyingi huwa kile cha safu ya d (safu za wima huitwa kwa herufi a hadi h, na kila mraba kwa herufi ya safu na namba ya mstari, kama d4). Wachezaji wengi wa sataranji ninaokaa nao hapa Mbeya wamekariri kwamba anayekabiliana nacho abadilishane kete upesi, kwa kuwa nguvu ya mwenye kitunda hicho imo katika kete nyingi zinazopata uwanja wa kushambulia. Kanuni hiyo ina ukweli, ila haisemi kete zipi zitoke na zipi zibaki.

Jioni moja ya Juni, tukiwa tumevaa makoti barazani karibu na soko la Mwanjelwa, kijana mmoja mwenye kete nyeupe alibadilishana hadi kete ya mwisho, wakabaki wafalme na vitunda tu, kisha akaniuliza, “Mwalimu, si nimeshashinda? Kitunda chake ni pweke.” Ubaoni mfalme wake alikuwa d4, vitunda vyake e3, f4, g3 na h4; mfalme mweusi alikuwa d6, vitunda vyake d5, f5, g6 na h5. Ingekuwa zamu ya Mweusi, angebanwa kweli: akienda e6, Mweupe anaingia c5, na kwa kuwa kitunda cha f4 kinamzuia mfalme mweusi kuingia e5, kitunda cha d5 hakiokoki; akienda c6, Mweupe anaingia e5 na kukiandama kitunda cha g6, ingawa njia hiyo yataka hesabu ndefu. Lakini zamu ilikuwa ya kijana. Mfalme wake hakuwa na pa kwenda ila c3 au d3, yaani nyuma, na Mweusi akapata nafasi ya kujipanga. Kwa hiyo, kabla ya kutoa kete ya mwisho, hesabu hatua za akiba za vitunda vya kila upande, yaani zile unazoweza kucheza bila kumsogeza mfalme, kisha ujue zamu itamwangukia nani wafalme watakapokabiliana.

Zikibaki kete ndogo, yaani maaskofu na farasi, tazama rangi ya miraba. Askofu anayetembea kwenye miraba ya rangi ile ile ya kitunda chake pweke huwa mlinzi mnyonge, na farasi anayemkabili hukaa kwa raha mbele ya kitunda. Hata hivyo udhaifu mmoja hautoshi daima: huko Moscow mwaka 1935, bingwa Flohr alikuwa na farasi dhidi ya askofu wa Capablanca, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, aliyekuwa na kitunda pweke cha d5, na mchezo ukaisha sare. Tafuta udhaifu wa pili upande mwingine wa ubao, la sivyo mfalme na askofu wa mtetezi watatosha kuulinda ule wa kwanza.

Zikibaki ngome peke yake, nako ni kwa kuogopwa na anayeshambulia. Mwenye kitunda pweke akiipeleka ngome yake mahali penye uhai, hata akikipoteza kitunda hicho, mara nyingi ataambulia sare. Ndiyo maana napenda kubadilisha kete ndogo huku malkia na ngome zikibaki, kwa kuwa mfalme wa mtetezi hawezi kutoka kwenda kukilinda kitunda ilhali malkia bado yupo ubaoni. Katika pambano la ubingwa wa dunia huko Merano, Italia, mwaka 1981, mchezo wa 9, bingwa Karpov akiwa na kete nyeusi aliziondoa kete ndogo za mpinzani wake Korchnoi, akazielekeza ngome na malkia kwenye kitunda pweke cha d4, akashinda.

Ukiwa wewe ndiwe mwenye kitunda hicho, jiulize kwanza kama unaweza kukisukuma na kukibadilisha na kitunda cha mpinzani. Ikiwezekana, kisukume kabla kete zako hazijapungua, kwa sababu kila farasi anayeondoka ni msaidizi mmoja amepungua wa kukufungulia mraba ule wa mbele.