Kabla hujafungua shauri la talaka: hati, mali na watoto

Watu wengi huenda mahakamani wakiwa wamejiandaa kueleza makosa ya mwenzao, huku karatasi wamezisahau nyumbani. Kwa Tanzania Bara, ambako mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hakimu anachotaka kujua ni kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Na kabla hajafika huko atauliza kama mmepita barazani.

Kwa hiyo anza na Baraza la Usuluhishi la Ndoa. La kata lipo, na taasisi za dini nazo zina yake, kama BAKWATA kwa Waislamu. Likishindwa kuwapatanisha litatoa hati, na hati hiyo isome palepale kabla hujaondoka. Majina yenu yameandikwa kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa? Tarehe, sahihi na mhuri vipo? Je, imesema waziwazi kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha? Barua inayosema tu kwamba wahusika wanaletwa mahakamani "kwa hatua zaidi" ni ya hatari. Zipo kesi zilizosikilizwa hadi hukumu, mali zikagawanywa, halafu zikafutwa kwenye rufaa kwa sababu hati ya baraza ilikuwa na kasoro. Hati isiwe imepitisha miezi 6 siku unapofungua shauri. Mwenzako akiitwa barazani akagoma kwa makusudi, au akiwa ametoweka na hajulikani alipo, sheria inakuruhusu kwenda mbele, ila utatakiwa kuthibitisha. Tunza nakala za wito.

Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 inahitaji kwanza kibali cha mahakama. Kwa ndoa ya Kiislamu, talaka iliyoandikwa nyumbani haitoshi peke yake: baraza lithibitishe kwanza kwamba limeshindwa, talaka itolewe baada ya hapo, ndipo mahakama itoe amri yake. Ndoa ya kimila isiyo na cheti itasimama kwa mashahidi, na hapa shangazi aliyekuwepo mahari ikipokelewa anafaa kuliko albamu nzima ya picha.

Upande wa mali, orodhesha kila kitu mlichochuma pamoja, mwaka mlioanza nacho na nani alichangia nini, hata kama hati ina jina la mmoja. Andika na madeni. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Wengi wanaolitaja shauri hilo hawajui kwamba mwanamke mwenyewe hakupata mgawo alioudai. Ndiyo maana nasema usitegemee kanuni tu, peleka ushahidi wako. Nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na ukiona dalili za kuuzwa, wahi kuweka zuio la kisheria ili isiuzwe.

Sasa watoto, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi zaidi. Sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto: anasoma wapi, amezoea mazingira gani, yeye mwenyewe anataka nini kama amefikia umri wa kujieleza. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuja nyumbani. Usimfundishe mtoto maneno ya kusema. Maneno ya mtu mzima kinywani mwa mtoto hujulikana upesi.

Ratiba iandikeni kwa undani. "Baba atamwona wikendi" ni ugomvi uliohifadhiwa. Ijumaa saa ngapi? Anachukuliwa shuleni au nyumbani? Nauli ya nani? Likizo ya Desemba na sikukuu zinagawanywaje? Sare, madaftari na dawa ya pumu vinakwenda na kurudi naye?

Matunzo nayo yapigiwe hesabu kwa risiti za ada, matibabu na chakula, si kwa kukisia. Sheria ya Ndoa inamtwika baba wajibu huo kwanza, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kipato na mali za wazazi wote wawili viangaliwe. Tuma kwa simu na uhifadhi ujumbe, kwa sababu fedha taslimu inayotolewa mkononi hukanwa.

Asiyeridhika na hukumu ana siku 45 za kukata rufaa. Amri za malezi na matunzo zinaweza pia kubadilishwa hali ikibadilika, mfano mzazi akipoteza kazi au akihama mkoa. Matunzo yakichelewa, rudi mahakamani kuomba amri itekelezwe. Kumficha mtoto asimwone mzazi wake hakuleti fedha hizo, na kunakuharibia wewe mbele ya hakimu yuleyule.