Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutumia Misimu ya Kiingereza

Neno la mtaani halifai katika barua ya kuomba kazi, na hilo halihitaji maelezo.

Lililo muhimu zaidi ni kujua neno hilo ni la nchi gani. Katika ofisi moja niliyofanya kazi, msimamizi wetu Mmarekani alituandikia barua pepe ya mistari miwili: wa kwanza ulisema kwamba yeye ni "pissed", wa pili ukauliza ripoti ya mwezi iko wapi. Kwa Wamarekani neno hilo ni kukasirika, ilhali kwa Waingereza ni kulewa chakari. Mwenzetu mmoja, aliyefundishwa Kiingereza na Waingereza, akamjibu kwa utani kwamba anywe maji mengi akalale, ripoti itamsubiri hadi kesho, na nakala ya jibu hilo ikawafikia wakubwa wote. Alipoitwa kujieleza alikwenda na kamusi, na kamusi ilikuwa upande wake, lakini barua ya onyo ilikuwa imekwisha kuchapwa. Vivyo hivyo, usimsifie Mwingereza "pants" zake kama wafanyavyo Wamarekani wanaposema suruali, kwani kwake hizo ni chupi.

Usimeze kila hadithi ya asili ya neno. Wanaodai kwamba "posh", yaani "ya kifahari", ni herufi zilizopigwa kwenye tiketi za meli za kwenda India hawajapata kuonyesha hata tiketi moja. "OK" ndiyo iliyotokana na herufi kweli: ilichapishwa katika gazeti la Boston Morning Post mwezi Machi 1839, kifupi cha "oll korrect", yaani "all correct" iliyopotoshwa tahajia kwa makusudi, mzaha uliopendwa siku zile.

Chunguza pia neno limekatwa kutoka wapi. Wakazi wa mashariki mwa London huficha neno kwa kutumia badala yake kifungu chenye kina nalo, kisha huangusha neno lenye kina chenyewe. Ndiyo maana "berk", ambalo Waingereza wengi hulitamka kwa maana ya mjinga tu, limetokana na "Berkeley Hunt", jina la kundi la wawindaji, linalofanya kina na tusi zito la nguoni. Usilitamke mbele ya mama mkwe anayejua.

Angalia umri wa unayezungumza naye, usiige kila usikiacho filamuni, usiguse maneno ya dharau ya rangi hata kama wenyewe huitana hivyo, na ukiwa na shaka tumia neno la kawaida.