Gemu ya zamani iliyotoka kwenye muvi: namna ya kuipa maksi bila kuionea

Nazungumzia magemu ya kompyuta za nyumbani za miaka ya 80, ZX Spectrum na Commodore 64, zile zilizokuwa zinapakia gemu kutoka kwenye kaseti. Enzi hizo muvi ikivuma tu, na gemu yake inafuata, na leo watu wengi wanaziwasha dakika mbili, wanaona rangi zimeingiliana, steringi hafanani na yule wa kwenye muvi, basi wanaandika ni takataka na kuzima. Mimi nimezicheza na kuziandikia maoni miaka mingi, nazipenda kweli, na inaniuma kuona gemu nzuri inatupwa kwa uvivu wa mtu. Nitatumia mbili kama mfano: RoboCop, ya polisi aliyegeuzwa roboti, iliyotengenezwa na Ocean Software ya Manchester (1988), na Ghostbusters, ya watu wanaokamata mizimu, ya Activision (1984).

Hatua ya 1: iangalie muvi upya, kalamu mkononi

Usiandike sura za watu wala mandhari, andika vitendo. Steringi anafanya nini na mikono yake, anaogopa nini, nini kinamzuia? RoboCop nikiiangalia naandika: anatembea kizito, hakimbii, hajifichi risasi, analenga jambazi aliyemshika mateka bila kumgusa mateka, anatafuta sura ya mhalifu kwenye kompyuta ya polisi. Ghostbusters watu wanakumbuka mizimu lakini ukiitazama vizuri ile ni hadithi ya watu wanaoanzisha biashara, wana hela kidogo, gari bovu, na wateja wanaopiga simu mji mzima. Hiyo orodha yako itunze, ndo kipimo chako, sio picha iliyochorwa kwenye kava la kaseti.

Hatua ya 2: iweke gemu kwenye mashine yake

Hapa ndo wengi wanaharibu. Kama huna mashine yenyewe tumia emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani kwenye kompyuta ya leo, Fuse kwa Spectrum na VICE kwa Commodore 64, alafu kagua mambo matatu.

Kwanza mwendo. Mashine za Uingereza skrini yake inajichora mara 50 kwa sekunde, za Marekani mara 60. Ghostbusters ni gemu ya Marekani kwa hiyo VICE iweke NTSC, yaani mfumo wa Marekani, ukiiacha PAL, ule wa Uingereza, kila kitu kinachechemea mpaka muziki. Mimi niliwahi kuipa maksi ndogo kwa sababu hiyo tu, nikaja kurekebisha baadaye na kuicheza upya yote.

Pili modeli. Spectrum ya 48K (namba ni ukubwa wa memori) ina spika ndogo tu ya kutoa mlio, ya 128K ina chipu ya sauti ya AY yenye chaneli tatu. RoboCop ukiisikiliza kwenye 48K alafu ukasema muziki hauna maana umekosea mashine, ule wimbo wa mwanzo wa Jonathan Dunn, wa taratibu na wa huzuni, ni mzuri mpaka ulikuja kutumika kwenye tangazo la TV la Ariston, kampuni ya vifaa vya nyumbani, huko Uingereza.

Tatu vidhibiti. Kwenye Commodore joystiki ya gemu nyingi inakaa tundu la 2, kwenye Spectrum chagua Kempston, yaani aina ya joystiki, au zoea herufi Q, A, O, P za kibodi. Na walau mara moja iache ipakie kwa mwendo wake halisi, dakika kadhaa za ule ukelele wa kaseti, maana mtoto wa 1988 alikuwa anasubiri hivyo hivyo na gemu ilitakiwa ilipe ule muda.

Hatua ya 3: cheza na orodha yako pembeni

Usiweke chiti, yaani mbinu za kudanganya kama maisha yasiyoisha. Cheza saa nzima, ufe, urudi, na kila kitendo ulichokiandika jiulize kama kimegeuzwa kuwa sheria ya gemu au kimebaki picha tu ya nyuma.

RoboCop inaanza kama gemu ya kawaida ya kutembea na kupiga risasi, ukiishia hapo utasema haina jipya. Toboa steji ya kwanza. Skrini inabadilika, unaona kwa macho ya RoboCop mwenyewe, jambazi amejikinga na mwanamke na wewe una kishale cha kulenga, mpige yeye usimpige mwanamke. Mbele zaidi unaunganisha sura ya mhalifu kipande kwa kipande, macho, pua, mdomo, na saa inakimbia. Hivyo ni vitendo viwili kutoka kwenye orodha yangu na mikono yangu ndo inavifanya! Hata nguvu unarudisha kwa kuokota vichupa vya chakula cha watoto, ambacho kwenye muvi ndo anachokula. Aliyetengeneza hii aliiangalia muvi kwa makini.

Ghostbusters ndo kabisa. Unaanza na dola 10,000. Gari ndogo 2,000, gari la kubebea maiti 4,800, mtego mmoja wa kunasia mizimu 600, na ukitumia vibaya hapo utalia baadaye. Unazunguka ramani ya mji, unapanga watu wawili chini ya jengo, miale ya silaha zao inamsukuma mzimu juu ya mtego, miale ikigusana umewaumiza watu wako mwenyewe. Na siku ya mwisho ikifika kama huna hela zaidi ya zile ulizoanza nazo, umeshindwa. Biashara ile ile ya kwenye muvi.

Hatua ya 4: futa jina

Jifanye hujui imetoka muvi gani, mchoree steringi sura nyingine kichwani, alafu uliza kinabaki nini. Kikibaki kitu kizuri cha kucheza, gemu inasimama yenyewe. Ila usikimbilie kuilaumu kwa ilikotoka: Ghostbusters mtengeneza magemu David Crane aliitengeneza kwa wiki sita hivi na alichukua kazi aliyokuwa ameshaianza ya gemu nyingine ya magari, na bado ikakaa kwenye muvi kama imeshonewa. Angalia kilichofika kwenye skrini.

Hatua ya 5: ilinganishe na wenzake wa rika lake

Mashine ile ile, miaka ile ile, basi. Spectrum kila kiboksi cha pikseli 8 kwa 8 kinabeba rangi mbili tu, ndo maana rangi zinavamiana mtu akipita mbele ya kitu, na ndo maana wachoraji wengi waliacha uwanja wa kuchezea na rangi moja moja. Huo ni uamuzi wa busara, usimkate mtu maksi kwa hilo. Kata kwa vidhibiti vinavyochelewa, adui anayetokea ulipo bila onyo, steji inayorudiwa ili kujaza muda.

Hatua ya 6: andika hukumu

Taja mashine, modeli na mwendo uliotumia kabla ya namba. Yangu nimeziandika hivi: RoboCop, Spectrum 128K, 8 kati ya 10, steji ya mateka na ya sura ndo zimeibeba, mbili nimekata kwa zile steji za kutembea zinazofanana. Ghostbusters, Commodore 64 ya NTSC, 9, na ile moja ni kwa sababu kuendesha gari kutoka jengo hadi jengo kunachosha ukishafika saa ya pili.