Usiwatoe mabeki wazee siku moja

Timu yetu ya mtaa hapa Bombo, Uganda, ilikuwa na mabeki wa kati, namba 4 na namba 5, waliocheza pamoja miaka tisa, wote wastaafu wa jeshi. Msimu uliopita niliona magoti yamechoka, nikawaweka benchi wote wawili Jumapili moja na kuingiza vijana wa sekondari. Tulipigwa 5–1. Mbio walikuwa nazo. Walichokosa ni mtu wa kusema "panda" au "baki". Mmoja akapanda kutega kuotea, mwenzake akabaki, na lango likawa wazi.

Siku hizi naanza pembeni. Kazi ya namba 2 na 3, mabeki wa pembeni, inakula mapafu, na kijana akikosea kule bado kuna mtu wa kati wa kumfunika. Mpe mechi nane hivi kabla hujagusa kati. Ukifika kati, toa mmoja tu: mwenye miguu mizito. Mwenye mdomo anabaki mpaka mwisho. Kipa mwache. Kipa Denis Onyango aliaga Cranes, timu ya taifa ya Uganda, Aprili 2021, na AFCON ya Morocco akawa kikosini tena akiwa na miaka 40. Namba 3 wa umri huo mimi sijamwona.

Shida kubwa ni heshima. Kijana wa miaka 17 aliyelelewa vizuri hawezi kumfokea afande anayemzidi baba yake umri. Anaona mshambuliaji anapita nyuma ya mzee, naye anaanza, "Samahani, afande…" Mpira umeshaingia wavuni. Kwa hiyo ndani ya chaki hakuna afande, kuna namba: "Tano, nyuma!" Sheria hiyo aitangaze mzee mwenyewe, si kocha. Wetu alisema atakayemwita afande uwanjani atamnunulia rolex, chapati ya mayai. Wiki ya kwanza alikula sita. Wiki ya tatu hakupata hata moja, akalalamika njaa.

Mazoezini washikishe mabeki wanne kamba ya kuanikia nguo, hatua nane kati ya mtu na mtu. Mpira ukihama, wahame wote. Kamba ikilegea au ikivutika, simamisha. Anayetoa amri ni kijana, mzee afunge mdomo, hata kama inamuuma. Baada ya dakika ishirini ondoa kamba, uone kama bado ipo.

Kwenye mechi, mtoe mzee dakika ya 70 mkiwa mbele kwa mabao mawili. Mkiwa nyuma, usithubutu.

Na siku ya kumwambia basi, nenda kwake kabla vijana hawajasikia. Mimi nilikwenda na kilo mbili za sukari. Hakubisha. Aliuliza tu, "Kona zikipigwa, nani atasimama mlingoti wa karibu?" Sikuwa na jibu. Tukapanga vijiko mezani, huyu hapa, yule pale, mpaka chai ikapoa.