Piga picha mianzi kabla majani hayajajikunja

Kwenye joto kali, majani ya mwanzi hujikunja mchana ili kupunguza upotevu wa maji, na kichaka kizima huonekana kimekonda pichani. Mwagilia jioni, polepole, maji yazame kama sentimita 30, kisha piga picha asubuhi, ndani ya saa moja baada ya jua kuchomoza. Yakiwa bado yamejikunja saa hiyo, mizizi ina kiu kweli: ongeza maji na matandazo ya sentimita 8. Majani makavu yaliyoanguka yanafaa sana, usiyafagie. Matawi ya chini yakate hadi usawa wa kifua, karibu kabisa na shina, maana visiki huharibu mistari ya picha. Shina linang'aa mno? Punguza mwangaza kwenye kamera kidogo.