Jinsi ya kuomba kibali cha maadili kwa utafiti wa kifua kikuu Tanzania

Mtafiti chipukizi hachukui makohozi ya mgonjwa kwa ajili ya utafiti kabla ya kupata kibali cha maadili. Mwanafunzi aanzie kwenye kamati ya maadili ya chuo chake, aulize pia kama utafiti wake unahitaji kibali cha taifa kinachotolewa kupitia NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, panga kalenda. Kifua kikuu kisicho sugu kwa dawa hutibiwa kwa kawaida miezi 6, na kibali huwa cha mwaka mmoja. Ukiandikisha wagonjwa kwa miezi 8, wa mwisho atamaliza dawa mwezi wa 14, na kuotesha vimelea vya makohozi yake maabara, kwenye kimiminika, kunaweza kuchukua hadi siku 42 zaidi. Andika tangu mwanzo lini utaomba kuhuisha kibali. Kikiisha muda, kazi husimama na mgonjwa aliyekuamini huachwa njiani.

Halafu idadi ya washiriki. Ukikadiria kwamba asilimia 50 ya wagonjwa wana jambo unalolipima, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5, kanuni ya kukokotoa sampuli hutoa washiriki 384. Ukitarajia kupoteza asilimia 10, gawanya kwa 0.9 upate 427. Wengi huzidisha kwa 1.1 na kupata 423. Wakishapotea hao asilimia 10, hubaki 380, pungufu ya walichohitaji.

Fomu ya ridhaa ndiyo hasa inayostahili muda wako. Iandike kwa Kiswahili cha nyumbani: taja ni makohozi mara ngapi, yatahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kwamba anayekataa ataendelea kupewa dawa zake kama kawaida. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yako. Kwa mtoto, mzazi au mlezi huridhia, na mtoto anayeelewa naye huulizwa.

Ambatisha andiko la utafiti, madodoso, bajeti, wasifu wa kila mtafiti na barua ya taasisi. Sampuli zikipelekwa nje ya nchi, ongeza mkataba wa kuzihamisha. Hoja za kamati zijibu moja moja, ukitaja ukurasa uliorekebishwa.

Kibali kikitoka, peleka nakala kwa uongozi wa mkoa, wilaya na mganga mfawidhi kabla ya kuingia kliniki. Ukibadilisha hata swali moja la dodoso, omba idhini ya badiliko hilo kwanza.